Namba za Redio za Upepo Hutoka Wapi?

SWALI: Ndugu Mhariri, mitandao ya redio za upepo inayogawana masafa, kama ile ya TETRA, hupewa na nani namba za utambulisho?

JIBU: Ndugu msomaji, katika TETRA, mfumo uliosanifiwa na taasisi ya Ulaya ya ETSI, namba kamili ya redio ina biti 48 (yaani tarakimu za 0 na 1) zenye sehemu tatu, na kila sehemu ina mgawaji wake. Biti 10 za mwanzo ni za nchi, nazo hufuata orodha ya ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, yenye namba zile zile za nchi zinazotumika kwa simu za mkononi: Tanzania ni 640, Kenya 639. Biti 14 zinazofuata hutambulisha mtandao, na hugawiwa na mamlaka ya mawasiliano ya nchi husika. Biti 24 zilizobaki ni za mwenye mtandao, ambaye huzigawa kwa redio na vikundi vyake. Biti hizo 24 hutoa namba zaidi ya milioni 16, akiba ambayo sioni jeshi lolote la polisi likiimaliza.

Redio inapowashwa husikiliza mnara ukitangaza namba ya nchi na ya mtandao, na ikiwa si mtandao inaoruhusiwa kuutumia, haijiandikishi, hata mawimbi yawe na nguvu kiasi gani. Kwa hiyo anayejitungia namba ya mtandao bila kuomba hujitafutia usumbufu siku atakapotaka kuunganisha mtandao wake na wa jirani mwenye namba hiyo hiyo.