Kompresa kunguruma siyo gesi kwenda: kwa madogo mnaoanza kazi stesheni za bomba

Madogo wengi waliomaliza mekanika na petroli wananiuliza kazi ya stesheni ya kompresa, pale gesi inapokandamizwa ili isukumike bombani, ikoje. Huu mwaka wangu wa tisa, mingi nimeimalizia jangwani Oman, na yale niliyoyashika vizuri ni yale yaliyoniaibisha kwanza.

Mwaka wa pili tulikuwa na mashine inanguruma freshi kabisa, spidi juu, fueli inakula kama haina akili nzuri, ila gesi inayotoka haiendani na ule moto. Kila shifti ikija inasema mashine imechoka ifunguliwe, na mimi nikawa naandika hivyohivyo kwenye kitabu cha shifti bila hata kutoka nje. Fundi mmoja mtu mzima akaniamsha kwenye kiti saa nane usiku, tukatoka na tochi, akaniambia weka mkono hapa. Lilikuwa bomba la risaiko, lile linalorudisha gesi iliyotoka kwenye kompresa kuja tena pale inapoingilia, na skrini inasema valvu imefungwa, asilimia 0. Sasa usiku wa jangwani kila chuma kimeshapoa, bomba hilo peke yake lina joto kama chupa ya chai, na ukigusisha bisibisi kwenye valvu ukaweka sikio kwenye mpini unasikia sssss. Kiti cha valvu, pale inapokalia ikifunga, kimelika. Kumbe gesi ileile tunaikandamiza, inarudi, tunaikandamiza tena, na fueli tunalipa mara mbili.

Hiyo valvu ina kazi yake lakini, msije mkaichukia. Gesi ikipungua sana kompresa inashindwa kuishikilia, inarudi nyuma kwa kishindo, ndiyo saji, na ikijirudia inaua beringi na sili. Tatizo watu wakishatishwa na saji mara moja wanaweka mpaka wa kufungulia mbali mno, basi valvu inakaa wazi hata pasipo na hatari. Usiguse mwenyewe hiyo setingi, muite mtu wa kontroo mkae naye na grafu ya mashine.

Hesabu sasa. Uwiano wa presha, ya kutoka kwa ya kuingia, unapigwa kwa presha kamili, yaani ya geji ukiongeza baa 1 ya hewa, siyo ya geji peke yake. Geji inasoma baa 4 kuingia na 14 kutoka (baa za presha jamani, siyo za bia), uwiano ni 15 kwa 5, yaani 3, siyo 3.5. Nimeona mtu na digrii yake anakosea hapo mbele ya bosi.

Halafu presha ya bomba lenyewe, hapa ndiyo kuna hela. Bomba likikaa na presha ya juu gesi inabanana, inaenda polepole, msuguano unapungua. Chukua bomba linaloanza na baa 70 za presha kamili linafika stesheni ya pili na 50. Kiasi kilekile cha gesi ukikianzisha na 80 kinafika na 63 hivi, na kompresa ya stesheni ya pili inapata kazi nyepesi. Ila usivuke presha iliyoruhusiwa kwenye bomba, hiyo haina mjadala. Na msione fueli ni kitu kidogo, kwenye mabomba marefu stesheni zote pamoja huweza kuchoma kama fueli asilimia 3 mpaka 5 ya gesi inayosafirishwa.

Joto nalo. Turbini, ile injini ya gesi inayozungusha kompresa, hupimwa kwa hewa ya nyuzi 15, mchana wa nyuzi 45 unaweza kupoteza hata moja ya tano ya nguvu, kwa hiyo filta ya hewa ikiziba na vumbi unaongeza msiba juu ya msiba. Feni za kupoozea gesi zioshwe, gesi ya moto inachukua nafasi kubwa bombani na inakula presha njia nzima. Mashine mbili zinazojikokota kwa mzigo nusunusu, uliza kama moja haitoshi.

Na wanaosema Bongo hayatuhusu, gesi ya kisiwa cha Songo Songo ilianza kutumika 2004, visima vikaanza kuishiwa msukumo, kompresa zikabidi ziwekwe kisiwani. Ukienda kule, siku ya kwanza omba uonyeshwe bomba la risaiko lilipo, kaliguse usiku.