Asilimia ya nini? Hesabu ya malipo katika filamu kubwa

Mvuvi wa Lamu hahitaji kufundishwa hesabu za filamu kubwa. Samaki wakishauzwa, hutolewa kwanza pesa za mafuta, barafu na posho, chombo na nyavu vikachukua mafungu yao, ndipo mabaharia wakagawana kilichobaki. Anayepatana kulipwa kabla ya makato na anayepatana baada ya makato wametoka bahari moja, lakini hawaendi nyumbani na pesa sawa. Basi ukisikia mwigizaji fulani "ana asilimia tano ya filamu", uliza: ya nini?

Tuchukue mfano. Filamu imegharimu dola milioni 200, nayo imeuza tiketi za milioni 500 duniani. Wenye sinema hubaki na takriban nusu, kwa hiyo studio inapokea milioni 250. Inajikatia ada ya usambazaji, tuseme asilimia 30, yaani milioni 75. Matangazo milioni 120. Zimebaki 55. Sasa toa gharama ya kutengeneza, 200, na asilimia 15 juu yake za uendeshaji wa ofisi, 30. Vitabu vinaonyesha deni la milioni 175, na riba bado. Mwenye asilimia 5 ya faida hapati hata senti. Mwenye asilimia 5 ya kile studio ilichopokea, kabla ya makato, anaondoka na milioni 12.5. Filamu ni ile ile.

Hayo si maneno ya vijiweni. Mwandishi Art Buchwald aliishtaki studio ya Paramount kuhusu filamu ya Coming to America, iliyouza zaidi ya dola milioni 280 huku studio ikidai haikuleta faida. Mwaka 1990 jaji alisema fomula hiyo ya faida ilikuwa ya uonevu.

Waigizaji wakubwa waliugundua mchezo mapema. James Stewart alikubali fungu la faida badala ya mshahara katika Winchester '73 ya 1950, akatajirika. Jack Nicholson alipunguza ujira wake wa Batman ya 1989 ili apate asilimia ya mauzo, na inasemekana alivuna zaidi ya dola milioni 50. Lakini kupunguza ujira kwa ajili ya asilimia ni kamari. Asiye na jina asiicheze.

Asiye na jina hutegemea ujira wa chama. Huko Marekani, chama cha waigizaji, SAG-AFTRA, kilipandisha kiwango cha chini cha filamu za studio hadi dola 1,204 kwa siku kuanzia Julai 2024. Juu yake huja mrabaha filamu inapooneshwa tena kwenye televisheni na mitandao. Toa asilimia 10 za wakala, kama 5 za wakili, 10 au zaidi za meneja, kisha kodi.

Filamu za mfululizo zina mtego wake. Studio humfunga mwigizaji mapema kwa filamu nyingi: Samuel L. Jackson alitia saini filamu tisa za Marvel, Chris Evans sita. Hiari ya kuendelea ni ya studio. Wewe huwezi kuondoka. Ukifungwa kwa bei ya mgeni, filamu ya tatu ikivunja rekodi utabaki na bei hiyo. Kwa hiyo wakili mzuri hupigania mambo mawili: idadi ndogo ya filamu, na ngazi ya malipo inayopanda kila filamu. Robert Downey Jr. aliripotiwa kulipwa dola 500,000 tu kwa Iron Man ya 2008, na karibu milioni 50 kwa The Avengers ya 2012.

Tena andika kila njia ya kuonesha. Mwaka 2021 Scarlett Johansson aliishtaki Disney kwa kuitoa Black Widow mtandaoni siku ile ile ilipoingia sinema, ilhali bonasi zake zilitegemea tiketi. Walipatana nje ya mahakama.

Kwa anayeitwa kusimama nyuma ya nyota hapa Lamu, asilimia hazimhusu, ila masaa yanamhusu sana. Picha hufuata maji: yakipwa, jahazi halitoki, nanyi mnakaa kivulini tangu alfajiri. Muafikiane kabla: siku ni masaa mangapi, kusubiri kunahesabiwa, boti ya kwenda Shela au Manda ni ya nani, chakula ni cha nani, na masaa ya ziada ni shilingi ngapi. Usitie saini karatasi isiyo na kiasi, na ondoka na nakala. Wakitaka kukupiga picha za kompyuta mwili mzima, waandike zitatumika wapi na mara ngapi, maana sura yako yaweza kuuzwa tena bila wewe kuitwa. Kodi ikikatwa, dai cheti cha KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya. Na mashua, punda au baraza ya nyumba yako vikionekana, hivyo vina bei yake mbali na ya uso wako.