Majani tele, viazi hamna: kiroba cha viazi hapa Tanga

Dada, umeuliza kwa nini viazi mviringo ulivyopanda kwenye kiroba vinajaza majani tu bila kuweka viazi. Ni joto, wala usiilaumu mbegu. Kiazi mviringo hutunga vizuri udongo ukiwa na nyuzi 15 hadi 20 hivi, na kinataka usiku wa ubaridi. Huku kwetu pwani usiku wa Januari hata feni inachoka, basi mmea unajaza majani tu, chini hauweki kitu. Lushoto wanavuna kwa sababu ya ubaridi wa mlimani, si kwa sababu wana dawa tusiyoijua.

Nimejaribu uani kwangu na viroba vya mchele vya kilo 25. Nilivyopanda Desemba vilitoa majani mpaka kiunoni, nilipomwaga udongo nikaokota vidude kama gololi. Nilivyopanda mwishoni mwa Mei, upande unaopata jua la asubuhi tu, nilipata sufuria moja ndogo. Si haba, lakini si za kuuza chipsi.

Kama bado unataka: kiroba cheupe, si ndoo nyeusi, maana ile inachemsha udongo. Toboa chini, jaza theluthi, kisha ongeza udongo kadiri shina linavyopanda. Kiazi kikichungulia juani kinageuka kijani na kuwa kichungu, hicho ni sumu, usikipike.

Ukitaka kiroba hichohicho kikupe chakula bila kukusumbua, chomeka marando ya viazi vitamu. Hayo joto letu yanalipenda, na matembele unachuma huku unasubiri.