Kama Baba Haongei, Mpeleke Uwanjani

Wiki jana kijana mmoja wa mtaa wa Umoja, hapa Nairobi, aliniandikia. Anasema tangu babake astaafu wanashinda nyumbani pamoja, na maneno yao ni yale yale: umeamkaje, tokeni za stima zimebaki ngapi, umefunga geti? Ameona picha zangu na mzee tukiwa uwanja wa Nyayo na jezi zetu za buluu na nyeupe, sasa anauliza tulifikaje hapo. Nimeona nijibu kwa urefu, maana wanaotamani kitu hiki ni wengi, hata wale wanaojifanya hawajali.

Baba yangu alikuwa mtu wa reli, na sisi tulikulia Makongeni. Hakuwa mkali. Alikuuliza kama umekula, akauliza karo imebaki ngapi, kisha akafungulia redio. Siku ya mahafali yangu alikataa kuja, akasema jua ni kali. Jumapili iliyofuata alitoka mapema na kofia yake kwenda kuwatazama AFC Leopards, timu yake ya mpira, na jua lilikuwa lile lile. Nimemsamehe. Kusahau ni jambo lingine.

Nilipoanza kupata mshahara nilimnunulia king'amuzi na kumlipia kifurushi cha michezo, ili tutazame Arsenal pamoja. Alivumilia mpaka mapumziko. Akaniuliza wale vijana wanakaa wapi, nikamwambia London. Akaniuliza kama nimewahi kufika, nikasema hapana. Akaaga akaenda kulala. Vijana wengi wa Nairobi wanakwama hapo hapo. Unamvuta mzee kwenye timu yako, ya watu ambao hawezi kukutana nao hata Gikomba, halafu unalalamika kwamba hana maneno. Timu anayo. Wewe ndiye huijui.

Mlango wangu ulifunguka Julai 2019, Joe Kadenge, nyota wa mpira wa Kenya wa enzi zao, alipofariki. Nilimkuta mzee sebuleni, macho mekundu, akasema ni moshi wa jikoni, na sisi tunapikia gesi. Nikamuuliza swali moja tu: "Baba, wewe ulimwona akicheza?"

Chakula kilipoa mezani. Alinieleza jinsi walivyokuwa wakienda kwa miguu hadi uwanja wa Donholm Road, huu ambao mimi niliukuta ukiitwa City Stadium. Kumbe mtangazaji akisema "Kadenge na mpira" redioni, ploti nzima ilinyamaza. Mzee mpaka leo timu yake huiita Abaluhya, jina iliyopewa 1964. Leopards ni jina la juzi kwake, ingawa lilikuja mwanzoni mwa miaka ya 1980 serikali ilipoagiza vilabu viache majina ya kikabila. Na katika hadithi hizo kila mara alikuwepo mtu wa pili, mdogo wake, aliyefariki kabla sijapata akili. Nyumbani huyo hakutajwa. Hata picha yake sikuwahi kuiona. Usiku ule nikajua kwamba alikuwa na mguu wa kushoto hatari, na kwamba ndiye aliyemfundisha baba kupenya getini bila tiketi. Baba, mzee wa kanisa, alipenya bila tiketi!

Kwa hivyo ushauri wangu wa kwanza ni kuuliza. Usiulize "mambo ya maisha", atakukimbia. Uliza nani alikuwa kipa. Uliza lile bao lilifungwaje. Vitabu vitakuambia kwamba Leopards walichukua kombe la vilabu la CECAFA, la Afrika Mashariki na Kati, mara tatu mfululizo, 1982, 1983 na 1984. Mzee atakuambia alikuwa na nani siku ya fainali na walirudi nyumbani saa ngapi.

Wa pili ni kwenda naye. Si kutazama kwenye simu, ni kwenda. Na tafadhali usianze na Mashemeji. Dabi hiyo ya Leopards na wapinzani wetu Gor Mahia ni tamu, lakini pale getini kuna kusukumana, na mzee wa miaka sabini hahitaji kukumbushwa harufu ya vitoa machozi. Anza na mechi ndogo ya ligi, alasiri, Nyayo au Dandora, upande wenye kivuli. Mnunulie njugu karanga. Fika mapema kabla ya ngoma za isukuti kupamba moto, maana zikianza hamsikilizani.

Tena nitasema kitu ambacho mashabiki wenzangu watanitukania: mechi mbaya ni bora kuliko mechi nzuri. Ligi yetu, Mungu aibariki, ina dakika nyingi ambazo mpira unapigwa juu tu kutoka huku kwenda kule. Hapo ndipo wazee huongea. Katika mechi ya namna hiyo, huku akitazama mbele na wala si mimi, baba aliniambia kwamba siku ya mahafali yangu hakuwa na viatu vya kuvaa mbele ya wakubwa. Sikujibu. Mtu wetu alikuwa amepiga kona ikatoka nje, tukamlaani pamoja.

Na timu isiyoshinda ina baraka yake. Baada ya kuchukua ligi 1998, Ingwe, yaani Leopards yetu, ilikaa zaidi ya miaka 25 bila kuichukua tena. Anayeshabikia mabingwa hupiga simu siku ya kombe. Sisi tunapigiana kila wiki, kwa sababu kila wiki kuna kocha wa kulaumiwa.

Mke wangu kwao ni K'Ogalo, yaani Gor, hadi paka. Nilidhani hilo lingeleta shida siku ya mahari, lakini wazee walianza na 1987, Gor walipochukua Kombe la Washindi la Afrika mbele ya Espérance ya Tunisia: 2-2 kule Tunis, 1-1 hapa Nairobi, bao la ugenini likaamua. Baba akakiri mbele ya wakwe kwamba hata yeye siku ile alishangilia. Ng'ombe mmoja alipunguzwa pale pale. Najua mtasema ni bahati, mimi nasema ni mpira.

Sasa nyinyi mnaotuma pesa nyumbani kila mwisho wa mwezi na kudhani mmemaliza, nisikilizeni. Pesa tuma, lakini nenda. Wenzenu wanatoa maelfu kulala nje ya jiji wikendi, na mzee yuko Jericho anasikiliza matokeo peke yake. Tiketi siku hizi zinauzwa mtandaoni, na wengi wao hawawezi kuzinunua wenyewe, kwa hivyo hata kisingizio cha kumpigia simu unacho. Mnunulie. Kisha nenda naye. Narudia, nenda naye. Ukimpeleka getini halafu ukabaki kwenye gari na simu yako, hujafanya kitu.

Na kama mzee wako ni wa Gor, ushauri ni huu huu, ila picha usinitumie.