Akriliki juu ya mchoro wa zamani wa rangi ya mafuta
Je, ukitaka kutumia michoro yako ya zamani kutengeneza kolaji (picha ya vipande vilivyobandikwa pamoja), unaweza kupaka akriliki, yaani rangi ya plastiki inayochanganywa na maji, juu ya mchoro wa mafuta? Hapana, usipake akriliki wala kubandika karatasi kwa gundi ya maji moja kwa moja juu ya rangi ya mafuta. Mafuta hayaruhusu rangi ya maji kushika. Baada ya muda inabanduka kama ngozi iliyoungua jua. Kinyume chake kinafaa: mafuta juu ya akriliki.

Kama hujui mchoro ulipakwa nini, sugua pembeni kwa pamba yenye spiriti. Akriliki italainika na kuchafua pamba. Mafuta yaliyokauka vizuri hayatoki.

Kwa turubai (kitambaa cha kuchorea) ya mafuta, mimi ningeikata vipande vya kolaji. Tumia wembe mpya, maana butu hubandua rangi ukingoni. Paka jeli ya akriliki (akriliki nzito isiyo na rangi, inayoshika kama gundi) nyuma, kwenye kitambaa, bandika juu ya hadibodi (ubao mgumu mwembamba), kisha kandamiza kwa vitabu usiku kucha, ukitanguliza karatasi ya kuokea ili visigande. Ukitaka kuongeza kitu juu, tumia rangi ya mafuta au pasteli za mafuta. Usipige msasa turubai za kale: rangi yake nyeupe huenda ina madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu.

Michoro ya mkaa, kama ile aliyoikata mchoraji Mmarekani Lee Krasner mwaka 1976 kutengeneza kolaji, haina shida hii. Ipulizie fiksativu (dawa ya kushikisha mkaa usifutike) kwanza tu.