Mwanangu, kuhusu kutunga nyimbo za kuimbwa na wengine

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata na nimeisoma zaidi ya mara moja. Hapa nyumbani wote wazima, goti la baba yako nalo linaendelea vizuri.

Umeniuliza mambo mawili. Kwanza, kama kweli mtu anaweza kuishi maisha yake yote kwa kutunga na kutengeneza nyimbo zinazoimbwa na wengine, bila yeye mwenyewe kupanda jukwaani. Pili, kama uache kazi ya ofisini ukaifanye kazi hiyo. Nakujibu kama mama yako, na kama mwalimu wa kwaya aliyeanza kazi hii kabla hujazaliwa.

La kwanza ni rahisi: inawezekana. Yupo Msweden mmoja ambaye nyimbo zake umezicheza tangu ukiwa mdogo, na nina hakika jina lake hukulijua. Anaitwa Max Martin. Jina alilopewa na wazazi ni Karl Martin Sandberg, amezaliwa Stockholm mwaka 1971. Nyimbo zaidi ya 25 alizoshiriki kutunga zimefika namba moja kwenye chati kuu ya Billboard kule Marekani, na kwa utunzi aliye mbele yake ni Paul McCartney wa Beatles peke yake. Backstreet Boys, Britney Spears, Kelly Clarkson, Katy Perry, Taylor Swift, The Weeknd, wote wamefanya kazi naye. Na leo ukipishana naye barabarani hutageuza shingo. Mahojiano yenyewe anatoa kwa nadra.

Sikutajii huyu ili uone utajiri wake. Nataka uangalie njia aliyopita, maana jibu la swali lako la pili limo humo.

Muziki aliufundishwa kwenye shule za muziki za umma, zile ambazo Sweden wanaziendesha kwa fedha za manispaa. Mwenyewe amewahi kusema hadharani kwamba kila alichonacho anaishukuru elimu ile. Wewe hukupata shule ya namna hiyo, lakini ulikua ndani ya kwaya. Ulijua solfa kabla hujajua kuendesha baiskeli, na sauti ya tatu uliishika peke yako siku wenzako walipougua. Usiione kuwa ndogo. Vijana wengi wanaoingia studio na kompyuta nzuri hawajui kwa nini sauti mbili zikikaa pamoja zinagombana. Wewe unajua.

Baadaye aliacha sekondari akawa mwimbaji wa bendi ya roki nzito iliyoitwa It's Alive. Bendi haikufika mbali. Kilichomfikisha alipo ni mtu mmoja aliyemkalisha karibu naye. Mtu huyo alijulikana kwa jina la Denniz PoP, jina lake halisi Dag Volle, DJ wa Stockholm aliyekuwa akiongoza studio ya Cheiron. Denniz hakuwa mpiga ala. Alikuwa ametumia usiku mwingi akiangalia ni sehemu gani ya wimbo inawainua watu kucheza na ipi inawarudisha kukaa, na huo ndio ulikuwa ujuzi wake. Kuna kisa chake ninachokipenda sana. Vijana wa Ace of Base walimpelekea kaseti ya majaribio, hakuvutiwa. Kaseti ikanasa kwenye redio ya gari lake ikakataa kutoka, kila akiwasha gari wimbo ni ule ule. Kwa kuusikia hivyo, bila kupenda, akaanza kutambua ndani yake kuna nini. Akawaita, akaupunguza, akaunyoosha, ukawa "All That She Wants" wa mwaka 1992. Sisi huku tuliusikia kwenye mabasi mpaka tukaukariri.

Denniz alimchukua Martin mwaka 1993, hata hilo jina la Max Martin ni yeye aliyempa. Martin amesimulia kwamba wakati ule hakujua hata prodyuza anafanya kazi gani. Akakaa mle studio usiku na mchana kama miaka miwili, akijaribu kuelewa. Mwanangu, hapo ndipo ninapotaka utulie usome tena. Miaka miwili ya kukaa pembeni ya mtu anayejua kumaliza wimbo.

Mwaka 1998 walikuwa na wimbo ambao kundi la TLC lilikuwa limeukataa. Akaja Stockholm binti wa miaka 16 kutoka Louisiana, akaurekodi yeye. Ndiye Britney Spears, na wimbo ni "...Baby One More Time", ule uliofika namba moja Marekani Januari 1999. Denniz hakuuona ukifika huko. Saratani ilimwondoa Agosti 1998, akiwa na miaka 35 tu. Studio ya Cheiron ikafungwa mwaka 2000, na mwaka uliofuata Martin na Tom Talomaa wakaanzisha yao, Maratone.

Mtu mwingine angejifungia na siri alizorithi. Martin alifanya kama alivyofanyiwa. Rami Yacoub alikaa naye. Shellback, kijana mwingine wa Sweden aliyetoka kwenye roki nzito, alikaa naye, na leo ni mtunzi mkubwa kwa haki yake. Oscar Holter vivyo hivyo. Uchukue "Blinding Lights" wa The Weeknd, wa mwaka 2019, ambao Billboard waliutaja mwaka 2021 kuwa wimbo uliofanya vizuri kuliko wote katika historia ya chati yao. Watunzi wake ni watano. Max Martin ni jina mojawapo.

Kwa hiyo swali lako la kipaji, lile uliloliandika mwishoni kwa herufi ndogo, mimi silioni kuwa kubwa. Kipaji unacho, nimekusikia. Swali langu kwako ni hili: utakaa kwa nani? Umenieleza habari za kompyuta, maiki na chumba unachotaka kupanga, lakini hukutaja jina la mtu hata mmoja.

Niseme na jambo moja la ufundi, maana kuna pahali sikubaliani na Wasweden hawa. Wao huanza na sauti ya wimbo, yaani melodi, maneno yanafuata baadaye, na wakiona neno linaimbika vizuri wanaliacha hata kama maana haikai sawa. "I Want It That Way" wa mwaka 1999 ni mfano: mistari yake haielewani vizuri, ikaandikwa hata nyingine yenye maana, Backstreet Boys wakarudi kwenye ile ya kwanza kwa sababu ndiyo iliyoimbika. Kwa Kiswahili hutapona hivyo. Msikilizaji wetu amelelewa na taarabu na mafumbo, anasikiliza unamsema nani. Lakini kitu kimoja chukua kwao: neno likae pale sauti inapolitaka. Tukisema "upendo" uzito unaangukia katikati, kwenye "pe". Ukiutunga wimbo mdundo mzito ukaangukia "u", hata mwimbaji mzuri ataonekana mgeni kwenye lugha yake. Nasikia kosa hili redioni kila siku, na linaniuma. Imba mstari huku unapiga makofi kabla hujagusa kinanda, utalikamata mapema.

Sasa karatasi. Unakumbuka kaseti ya kwaya yetu, ile yenye picha tukiwa na majoho ya bluu? Aliyeturekodi aliiuza hadi ng'ambo ya mpaka. Sisi tulipewa katoni mbili za kaseti na ahadi, basi. Wimbo una mali mbili: utunzi wenyewe, yaani maneno na sauti, na ile rekodi. Ukitunga na wenzako, mgao wa asilimia uandikwe siku ile ile, wote watie sahihi, kabla hamjajua kama wimbo utapendwa. Ukishapendwa kila mtu anakumbuka alichangia zaidi. Sheria yetu ya hakimiliki hapa Tanzania, ya mwaka 1999, inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake, kwa hiyo hata wajukuu zangu wana haki humo. Kazi zako zisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, moja baada ya nyingine, usisubiri ziwe nyingi.

Kazi ya ofisini usiiache sasa. Tafuta studio ambayo nyimbo zake zinatoka na zinamalizika, uombe kukaa jioni na Jumamosi. Kunja waya, safisha rekodi za sauti, sikiliza mwenye kazi anakata nini na kwa nini. Kabla hujakubali kwa yeyote, uliza waliopita chini yake wako wapi leo, na kama majina yao yaliandikwa kwenye kazi walizofanya. Ukiona anakwepa swali hilo, aga kwa heshima uondoke. Kodi ya chumba weka pembeni mpaka uwe na watu wanaokulipa kwa kazi, nje ya rafiki zako.

Niandikie majina unayoyafikiria, baba. Kuna mzee mmoja aliyeimba nami anawafahamu watu wengi wa studio huko mjini, nitamuuliza. Halafu kamati ya kwaya imekubali kukiuza kile kinanda cha zamani. Kama unakitaka nijulishe kabla ya mwisho wa mwezi, maana kuna kijana wa usharika wa jirani naye anakiulizia.

Mama yako