Kabla Hujamthibitishia Mtu Mungu Kijiweni

Juzi kijana mmoja wa Ngarenaro, Arusha, kaniandikia: "Kaka, nipe hoja tatu za kummaliza rafiki yangu anayesema Mungu hayupo." Nilicheka peke yangu dukani. Huyo kijana ni mimi wa miaka sita iliyopita.

Nilisoma falsafa seminarini miaka miwili. Nilivyotoka ni habari ndefu, tuiache. Ila nilitoka na madaftari manne na kichwa kikubwa. Nikafungua duka la vipuri vya pikipiki hapa Moshi, na kila jioni nikawa naenda kijiwe cha kahawa karibu na Mbuyuni kutafuta mtu wa kubishana naye.

Siku yenyewe nilianza na mlima. Ulikuwa umejifunika mawingu tangu asubuhi. Nikasema: mnauona? Hamuuoni. Je, haupo? Fundi baiskeli mmoja, hata kichwa hakuinua, akanijibu: "Kesho alfajiri utafunguka tutauona. Huyo wako anafunguka saa ngapi?"

Kijiwe kizima kikaangua kicheko. Nikapandwa na hasira, nikatoa silaha kubwa. Kila kinachoanza kuwepo kina kilichokisababisha. Ulimwengu ulianza kuwepo. Basi una chanzo. Nikamgeukia muuza kahawa, mzee wa Kiislamu. "Mzee, hapo vipi? Huoni Wakristo tumeshamaliza kazi?"

Akamimina kwanza. Akainua dele juu, kahawa ikashuka kama uzi hadi kikombeni, tone halikudondoka nje. Ndipo akasema, "Mwanangu, hiyo ni ya Imamu Ghazali. Shehe wangu alinifundisha nikiwa kijana."

Na kweli ni yake. Al-Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu, alifariki mwaka 1111. Mimi niliipata kwenye video za William Lane Craig, Mmarekani aliyeifufua mwaka 1979, na yeye hajawahi kuficha alikoitoa. Hata jina la Kiarabu, kalam, yaani elimu ya Kiislamu ya kuijadili imani kwa hoja, amelibakiza. Mimi ndiye sikusoma. Kibaya zaidi, Thomas Aquinas, mwanafalsafa mkubwa wa Kanisa Katoliki ambaye nilimfanyia mtihani, alisema akili peke yake haiwezi kuthibitisha kwamba ulimwengu ulikuwa na mwanzo. Hilo tunalishika kwa imani. Hoja yake ni nyingine. Anauliza nini kinachosukuma mambo sasa hivi. Tairi la nyuma linavutwa na cheni, cheni inavutwa na gia, gia na gia nyingine. Panga gia hata elfu moja: pasipo injini, pikipiki haitoki dukani kwangu.

Mzee hakuwa amemaliza. "Haya, chanzo kipo. Kinasikia dua?"

Nikanyamaza. Aquinas alijua swali hilo linakuja, ndiyo maana baada ya njia zake tano za kuonyesha kwamba Mungu yupo aliandika kurasa nyingi kueleza kwamba huyo hana mwili, ni mwema, ni mmoja. Kurasa hizo niliziruka. Tangu siku ile wananiita Ghazali wa Vipuri, na sitaki kudanganya, bado linaniuma.

Kwa hiyo, mdogo wangu, jua hoja ni ya nani. Kisha jua inaishia wapi. Ukishajua inaishia wapi, na wewe ishia hapo hapo. Hoja ya Anselm, askofu wa zamani, usiiguse kabisa kijiweni, ile kwamba Mungu ni yule ambaye hakuna mkubwa kuliko yeye anayeweza kufikirika, hivyo lazima awepo. Enzi zake mwenyewe mtawa Gaunilo alimjibu kwamba kwa mtindo huo hata kisiwa bora kuliko vyote lazima kiwepo. Fundi baiskeli angemjibu vilevile, tena bila kuacha kuziba pancha.

Na hilo neno "kummaliza" mliache, vijana. Mnakariri hoja kama namba za siri, mnamrushia mtu mezani, akinyamaza mnasema ameokoka. Hajaokoka, amechoka na nyie! Nani aliyewahi kupiga magoti kwa sababu alishindwa ubishi? Mimi nilishinda ubishi mwingi sana kabla ya siku ile, na sikumbuki hata mmoja aliyenifuata kanisani Jumapili.

Halafu kuna jambo moja hukuniandikia. Rafiki yako alianza lini kusema hivyo, na nini kilimpata kabla? Kamuulize, msikilize mpaka amalize, halafu niandikie tena. Hoja tatu unazotaka ziko kwenye daftari la pili, haziendi popote.